Roboti Alikuwa Mtu: Stori ya Neno Moja la Waslavi

Mwaka jana tukiwa jikoni mamangu aliniuliza, "Kwani wewe hufanya kazi gani huko kwa laptopu usiku kucha?" Nikamwambia nafundisha roboti. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Na wewe ulifundishwa na nani? Si uliacha chuo?"

Haki yake. Niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea ualimu, Kiswahili na Historia, halafu karo ikakataa na mimi nikachoka kuzunguka na deni. Lakini nilichomwambia mama kilikuwa ukweli. Nilikuwa nachora visanduku kwenye picha: gari hapa, mtu pale, mbwa, mti, taa ya barabarani. Picha baada ya picha, senti chache za dola kwa kila moja, ili mashine ya mtu fulani mbali ijue tofauti ya mtoto na pipa la taka. Nilifanya hivyo miezi 7. Siku moja nikafungua nikapata akaunti yangu imesimamishwa. Hakuna sababu, hakuna namba ya kupiga, hakuna mtu wa kuuliza. Pesa ya wiki 3 ilikuwa bado ndani, na mpaka leo iko huko huko.

Sitaji kampuni, maana hiyo siyo stori ya leo. Stori ya leo ni kitu nilichofanya wiki iliyofuata, nikiwa sina kazi, nina bando na hasira tu. Nilijiuliza swali la kijinga: hili neno roboti lilitoka wapi? Nilidhani ni la Kiingereza, tukafunga hesabu. Kumbe siyo. Nililifuata kurudi nyuma hadi Prague, kisha hadi mashamba ya Bohemia, kisha hadi lugha ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiandika, na nilipofika mwisho wa barabara nikamkuta mtoto yatima amekaa hapo.

Kaa chini, ni ndefu kidogo.

Kaka mwenye brashi mdomoni

Mwaka 1920 mwandishi mmoja Mcheki, Karel Čapek, alikuwa na wazo la tamthilia. Kuna kiwanda kisiwani kinachotengeneza watu bandia wa kufanya kazi. Hawadai mshahara, hawana raha wanayoitafuta, hawaogopi kufa. Dunia inawanunua kwa wingi, inawaweka viwandani, inawapeleka hadi vitani, na mwishowe wanaasi na kuwamaliza binadamu.

Shida ilikuwa jina. Karel mwenyewe alisimulia baadaye, Desemba 1933, katika gazeti la Lidové noviny. Alimwendea kakake Josef, ambaye alikuwa mchoraji, akamkuta anapaka rangi. Akamwambia anafikiria kuwaita hao watu laboři, kutokana na neno la Kilatini la kazi, lakini linasikika la kitabuni mno. Josef alikuwa ameshika brashi kwa mdomo. Akanung'unika kitu kama, basi waite roboti, akaendelea na picha yake.

Ni hivyo tu. Neno ambalo leo liko kwenye kila lugha unayoijua lilitoka kwa jamaa aliyekuwa busy na kitu kingine.

Tamthilia ikaitwa R.U.R., kifupi cha Rossumovi univerzální roboti, yaani roboti wa Rossum wanaofaa kwa kazi zote. Ilipanda jukwaa la Ukumbi wa Kitaifa wa Prague tarehe 25 Januari 1921. Mwaka 1922 ilikuwa New York, 1923 iko London. Kiingereza kikalichukua neno robot vile vile lilivyo, na kutoka hapo likasambaa kama uvumi. Ukienda Afrika Kusini hata taa za barabarani watu huziita robot.

Halafu kuna kitu kilinifurahisha. Kwa Kicheki, robot ni mmoja na roboti ni wengi. Sisi tuliongeza ile i ya mwisho kwa sababu Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti, ndiyo maana tuna benki, tiketi na hoteli. Kwa hivyo ukisema "roboti mmoja", Mcheki akisikia ataona umesema "watu mmoja". Bila kujua, tumelirudisha neno katika umbo lile lile lililo kwenye jina la tamthilia.

Jambo lingine ambalo wengi hawajui: roboti wa Čapek hawakuwa wa chuma. Walikuwa wa kitu kama nyama, kilichokandwa kiwandani, na ukikutana nao unadhani ni watu. Kwa hivyo Josef hakuwa anatafuta jina la mashine. Alitafuta jina la mtu anayefanyishwa kazi tu, na lugha yake ilikuwa na neno tayari.

Siku za bwana

Kazi ya kawaida, ile ya kuamka asubuhi na kulipwa mwisho wa mwezi, kwa Kicheki ni práce. Robota ni kitu kingine. Robota ni kazi ambayo mkulima alilazimika kumfanyia mwenye ardhi bila malipo, kwa sababu tu anaishi juu ya ardhi hiyo. Kamusi zetu zina neno la kazi ya aina hiyo, shokoa, ingawa siku hizi hulisikii mitaani.

Fikiria wewe ni mkulima Bohemia miaka ya 1600. Una kipande chako kidogo. Mvua imenyesha, udongo uko sawa, ni siku ya kulima. Lakini leo ni siku ya bwana. Unachukua ng'ombe wako mwenyewe na jembe lako mwenyewe unaenda kulima kwake. Wakati wa mavuno, ngano yake kwanza, yako ikisubiri mvua iiharibu. Na huwezi kuhama bila ruhusa yake. Wala kuoa bila ruhusa yake.

Mwaka 1680 wakulima walichoka. Mfalme Leopold I alikuwa Prague, ametoroka tauni huko Vienna, nao wakampelekea malalamiko. Badala ya kusikilizwa walitumiwa jeshi, na waliokuwa mbele wakanyongwa. Baada ya hapo ikatolewa amri kwamba robota isizidi siku 3 kwa wiki. Na hata hiyo ilikuwa na milango ya nyuma, kwa mfano wakati wa mavuno.

Piga hesabu. Siku 3 mara wiki 52 ni siku 156 kwa mwaka za mtu mwingine. Na hiyo ndiyo iliitwa kupunguziwa.

Mwaka 1775 wakainuka tena. Walielekea Prague, jeshi likawavunja, na mahali pamoja panapoitwa Chlumec walipigwa vibaya hivi kwamba mpaka leo Mcheki akishindwa kabisa husemwa ameishia kama wakulima wa Chlumec. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, Maria Theresa, aliyetawala milki hiyo, akatoa amri mpya iliyopanga robota kwa madaraja kulingana na kodi ambayo mtu analipa. Mwaka 1781 mwanawe Joseph II akawapa wakulima ruhusa ya kuhama, kuoa na kujifunza ufundi bila kumwomba bwana. Lakini robota yenyewe akaiacha. Ungeweza kuoa umpendaye, ila Jumatatu bado ni ya bwana.

Ilichukua mpaka 1848. Mwaka huo Ulaya ilikuwa inawaka mapinduzi, na Vienna wakaitisha bunge. Mbunge mdogo kuliko wote alikuwa Hans Kudlich, mtoto wa mkulima kutoka Silesia, mwanafunzi wa sheria. Alikuwa na miaka 24. Julai 1848 akasimama akatoa hoja kwamba utumwa wa mkulima kwa mwenye ardhi, pamoja na robota na madeni yake yote, ufutwe. Tarehe 7 Septemba 1848 ikawa sheria.

Sikia na mwisho wake. Mabwana walilipwa fidia kwa kupoteza robota, na theluthi ya hesabu ya fidia hiyo ikabebwa na wakulima wenyewe. Naye Kudlich, kwa sababu alishiriki mapinduzi ya Vienna, alihukumiwa kifo akiwa ashatoroka. Aliishia Marekani, akawa daktari huko Hoboken, New Jersey, akafa 1917 akiwa mzee kabisa.

Nikisoma hapo nilimkumbuka guka wa mamangu, aliyezaliwa kwa shamba la mzungu huko Njoro. Sheria ya mkoloni ya 1918 ilisema Mwafrika anayeishi kwa shamba la setla lazima amfanyie setla kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Tofauti na robota, huyu alipewa kijimshahara, kidogo cha kuchekesha. Lakini hesabu ni ile ile: unaishi juu ya ardhi ambayo imeandikwa jina la mtu mwingine, basi siku zako ni zake. 156 Bohemia, 180 Njoro. Kumbuka pia kwamba guka na watu wake hawakuhamia kwa setla. Setla ndiye alihamia.

Nyota ndogo mbele ya neno

Sasa turudi nyuma kabisa. Ukifungua kitabu cha historia ya lugha za Waslavi utakuta neno limeandikwa hivi: *orbota. Ile nyota mbele siyo pambo. Inamaanisha hakuna mtu aliyewahi kuliona limeandikwa. Wanaisimu wamelijenga upya kwa kulinganisha watoto wake.

Waliosoma Kiswahili hii mnaijua. Sisi tunasema mtu, Mkikuyu anasema mũndũ, Mganda anasema omuntu, Mzulu anasema umuntu. Hakuna aliyemwiga mwenzake, wote wamerithi kutoka mahali pamoja, na mahali hapo ndipo mwalimu alipaita Bantu-mame. Waslavi nao wana Kislavi-mame. Kilisemwa kabla hawajagawanyika kuwa Warusi, Wapolandi, Wacheki, Wabulgaria na wengine, na kabla hawajawa na maandishi. Maandishi yao yalianza karne ya 9, wakati Cyril na Methodius walipopelekwa Moravia mwaka 863 na alfabeti mpya mkononi.

Wakati huo neno lilikuwa limeshageuka. Waslavi wa kale walipitia kipindi ambacho kila silabi ilitaka kuishia kwa vokali, kama Kiswahili chetu. Or- mwanzoni mwa neno ikawa tatizo, kwa sababu silabi inafungwa na r. Wakaipindua. Upande wa kusini ikawa ra-, upande wa magharibi ikawa ro-. Ndiyo maana Mbulgaria anasema rabota na Mcheki anasema robota. Neno moja, lililofanyiwa marekebisho na watu wenye tatizo lile lile tulilo nalo na benki.

Watoto wa *orbota wako wengi. Kirusi ni rabota, maana yake kazi, hii ya kawaida. Kiukraine robota, kazi. Kipolandi robota, kazi. Kislovakia robota, kazi. Kibulgaria rabota ni kazi na pia ni jambo, shughuli. Kicheki peke yake katika hawa ndicho kiliganda kwenye ile maana chungu ya siku za bwana. Na Wajerumani wa milki ya Austria walipotaka kuitaja shokoa hiyo walikopa neno hilo hilo, wakaandika Robot, karne nyingi kabla ya Čapek kuzaliwa.

Lakini angalia maandishi ya kwanza kabisa ya Kislavi, yale ya kanisani. Humo rabota ni utumwa. Halikuanza kama neno safi la kazi likachafuliwa baadaye. Lilianza chafu, na Warusi na Wapolandi wakalizoea mpaka likaonekana la kawaida.

Na hiyo ni kwa sababu *orbota imetoka kwa neno lingine fupi, *orbъ, maana yake mtumwa, mtumishi. Kirusi cha leo mtumwa ni rab. Majirani wakalichukua pia: Kiromania rob ni mtumwa, Kihungari rab ni mfungwa. Kwa hivyo rabota ni kitu anachofanya rab. Ukiwa Mrusi, kila asubuhi unaenda "utumwani" na hata husikii, kwa vile maneno yamezeeka.

Usiwacheke. Sisi tuna kitenzi tuma. Anayetumwa na Mungu ni mtume. Anayetumwa na serikali kuhudumia watu ni mtumishi. Na anayetumwa na kila mtu bila uwezo wa kukataa ni mtumwa. Watu watatu, heshima tofauti kabisa, mzizi mmoja. Mwalimu wa TSC ni mtumishi, na mwezi mshahara ukichelewa anajua vizuri herufi alizobakisha kufika kwa yule mwingine.

Mtoto asiye na mtu

Hapa ndipo nilisimamisha kila kitu nikaenda kutengeneza chai.

*orbъ ina ndugu nje ya Uslavi, katika lugha za ukoo mkubwa zaidi unaoanzia India hadi Ireland. Kigiriki ni orphanos, yatima, ndiko Waingereza walipata orphan. Kiarmenia ni orb, yatima. Kilatini orbus ni mtu aliyepotewa na mzazi au mtoto. Kisanskriti arbha ni mdogo, mtoto. Kijerumani Erbe ni urithi, na Kiairishi cha kale orb ni mrithi.

Ukiziweka pamoja unaona picha. Baba amekufa. Mtoto amebaki. Mtoto akiwa na watu wa kumsimamia, anapata shamba, anaitwa mrithi. Asipokuwa na mtu, anachukuliwa na nyumba nyingine, anapewa chakula na mahali pa kulala, na analipa kwa kufanya kila anachoambiwa. Lugha moja ikamwita yatima, nyingine ikamwita mrithi, na Waslavi wakamwita kwa kile alichokuja kuwa: mtumwa.

Hii haihitaji maelezo kwetu. Wewe unamjua huyo mtoto. Yule binamu aliyeletwa kutoka ushago baada ya mazishi, anayeamka saa kumi na moja kuchota maji wakati watoto wa nyumba wamelala. Anaitwa "mtoto wetu" mbele ya wageni. Wahenga walishasema yatima hadeki, na Waslavi wa kale wangeitikia kwa kichwa.

Kirusi kina kumbukumbu nyingine ya mtoto huyu. Kutoka mzizi huo huo walipata neno la mtoto, rebyonok, na wingi wake rebyata ndiyo siku hizi Mrusi akiita marafiki zake, kama sisi tunavyosema "wasee". Kwa hivyo neno lina upande wake wa furaha pia. Kijana wa Moscow akiwaita mabeste zake wakacheze mpira, ukichimba chini ya sauti yake kuna yatima.

Lango

Kuna ndugu mmoja sijamtaja, nilimwacha makusudi. Wanaisimu wengi wanaweka katika ukoo huu neno la Kijerumani Arbeit, kazi. Katika Kigothi, ndugu ya Kijerumani iliyoandikwa karne ya 4, umbo lake ni arbaiþs na maana yake ni taabu, mashaka. Kwa hivyo Arbeit na robota ni watoto wa mashangazi.

Sasa mkumbuke Josef, yule wa brashi. Karel alifariki tarehe 25 Desemba 1938, kwa homa ya mapafu. Miezi michache baadaye Wanazi waliingia Prague. Josef alikuwa akichora katuni za kuwapinga, na tarehe 1 Septemba 1939, siku vita vilipoanza, wakamkamata. Alipelekwa Dachau, kisha Buchenwald, kisha Sachsenhausen, kambi za wafungwa ambako watu walifanyishwa kazi hadi kufa. Juu ya lango la Dachau na la Sachsenhausen kulikuwa na maandishi ya chuma yanayosema kazi humweka mtu huru. Neno la kwanza kwenye lango hilo ni Arbeit.

Mtu aliyeipa dunia neno roboti alipita chini ya binamu ya neno lake mwenyewe, akaingia kufanywa roboti. Alifia Bergen-Belsen Aprili 1945, mwezi ambao kambi hiyo ilikombolewa. Kaburi lake halijulikani.

Sina la kuongeza hapo.

Sasa mimi na wewe

Kila wiki mtu ananitumia video inayouliza kama roboti watachukua kazi zetu. Ni swali halali, sina shida nalo. Lakini baada ya kulifuata neno hili miaka elfu na ushee, naona linauliza kitu cha zamani zaidi. Kwa muda wake wote, neno hili limekuwa jina la mtu ambaye siku zake ni za mwingine na hana wa kumsemea. Yatima, mtumwa, mkulima wa Bohemia, na mwishowe kiumbe cha kiwandani ambacho Čapek alikibuni ndiyo watu waione ajabu hiyo vizuri. Chuma kiliingia baadaye kabisa.

Na ile kazi yangu ya visanduku ilinifundisha mahali roboti wa leo alipo. Unadhani ni mashine inajua yenyewe kwamba hicho ni mtoto na hicho ni pipa. Kumbe kuna msee Githurai saa nane usiku, macho mekundu, ameichorea. Akifungiwa akaunti, mashine itaendelea kujua. Yeye ndiye hatajulikana. Nilipotafuta mtu wa kumlilia nikakosa, nilielewa *orbъ bila kamusi.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi kuchora visanduku ni sawa na Dachau, wala na siku 180 za guka. Mimi nilikuwa na uwezo wa kufunga laptopu. Mkulima wa 1680 hakuwa na laptopu ya kufunga. Ila mtu akikwambia "hii ni kazi, shukuru", una haki ya kuuliza maswali ambayo wakulima wale waliuliza kwa miaka 168 mpaka wakajibiwa. Siku hizi ni za nani? Nani anazihesabu? Na zikipotea, namwambia nani?

Kwetu tuna neno linalojua umuhimu wa kuhesabu. Kibarua. Ni barua ndogo, ile karatasi aliyopewa mfanyakazi wa siku ili siku zake ziandikwe. Karatasi ikawa jina la mtu. Inaudhi, ukifikiria. Lakini angalau yule mtu alikuwa na karatasi mkononi, inayosema huyu alifanya siku kadhaa na anadai. Mimi na wiki zangu 3 sikuwa na hata hiyo.

Kwa hivyo nilifanya kitu kidogo. Nilipata kazi nyingine ya mtandaoni, maana kodi ya nyumba hailipwi na etimolojia. Lakini sasa nina daftari la kurasa 96, la Hesabu, na kila usiku nikimaliza naandika: tarehe, saa nilizofanya, nilichoahidiwa, nilicholipwa. Tuko wanne kwenye ploti tunaofanya kazi hizi, na sasa wote wanaandika. Akaunti ya mmoja ikifungwa, tutakuwa na kitu cha kuweka mezani, hata kama bado hatujui meza iko wapi. Kudlich naye alianza akiwa na miaka 24 na hoja moja tu.

Mama aliliona daftari juzi akaniuliza ni la nini. Nikamweleza yote haya, Prague, Bohemia, yatima, mpaka chai ikapoa. Alinyamaza kidogo. Yeye amefanya kazi za nyumba za watu tangu kabla sijazaliwa, na sijawahi kumsikia akitaja siku moja ya likizo.

Akasema, "Basi niandikie na zangu."

Tumeanza na mwaka 1998. Tumefika 2003 na daftari linaelekea kuisha.